Kepu imejaa, mbona bado wanasajili? Maswali yenu ya NFL

Msimu ukiisha ndo maswali yanaongezeka, watu hawana mechi za kuangalia basi wanahesabu hela za wenzao. Kwa mgeni, kepu ni kikomo cha jumla ya malipo ya wachezaji ambacho kila timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, inawekewa kwa mwaka. Twende.

Kaka, habari za kazi. Naendesha lori hapa Houston ila moyo wangu uko kwa Saints. Kila Februari nasikia timu yangu imezidi kepu mamilioni kwa mamilioni, Machi ikifika nasikia wamesajili mtu. Hiyo kepu ya mishahara ipo kweli au ni danganya toto?
*Dereva, Houston*

Ipo mkuu, na ina meno. Mwaka 1994 inaanza ilikuwa dola milioni 34.6 kwa timu, msimu wa 2025 imefika milioni 279.2, na mwaka mpya wa ligi ukianza katikati ya Machi, saa kumi jioni kwa saa za New York, kila timu inatakiwa iwe chini ya mstari. Broncos walipigwa faini mara mbili, 2001 na 2004, na kila mara wakanyang'anywa chaguo la raundi ya tatu la drafti, lile zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, sababu ya malipo ya wachezaji waliyoyaahirisha kinyemela miaka ya 90.

Sasa ujanja uko hapa. Mshahara wa kawaida unahesabiwa wote mwaka ule ule unaolipwa, lakini bonasi ya kusaini inaruhusiwa kugawanywa hadi miaka 5 kwenye vitabu hata kama mchezaji kashaichukua yote mkononi. Chukua mtu anayetakiwa kulipwa milioni 21 mwaka huu, timu inamwita inamwambia bana tunakuachia mshahara wa milioni 1, hizo 20 tunakupa leo kama bonasi. Nani atakataa? Kwenye kepu ile 20 inakuwa milioni 4 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka huu jamaa anahesabiwa 5 badala ya 21 na timu imepata nafasi ya milioni 16 bila kumfukuza mtu. Na kama mkataba wake umebakiza miaka miwili tu wanaongezea miaka hewa, yaani miaka ambayo ipo kwenye karatasi na kila mtu anajua hatacheza, kazi yake ni kubeba mgao.

Saints wako wameufanya huu mchezo kuliko wote. Mwaka 2021 korona ilishusha kepu kutoka milioni 198.2 hadi 182.5, wao wakaingia kipindi kile wamezidi karibu milioni 100, ikabidi hata Drew Brees, kwotabeki wao, yaani yule mrusha mipira anayeongoza mashambulizi, akiwa anajiandaa kustaafu akubali kushusha mshahara wake kutoka milioni 25 hadi milioni 1 na kidogo ili kuwapunguzia mzigo. Wakatoboa, ila wakatoboa kwa kusukuma mbele, na ukishaanza kukopa kausha damu ya huku kulipa ya kule unajua mwenyewe inavyoendaga.

Lakini usije ukasema ujanja wenyewe ndo mbaya, maana Eagles wanaufanya pia, tena bila aibu. Kwotabeki wao Jalen Hurts alisaini 2023 miaka 5 kwa milioni 255 na mwaka ule wa kwanza alikula kama milioni 6 tu za kepu. Februari 2025 wakawachapa Chiefs 40-22 wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi. Howie Roseman, meneja mkuu wao, anasukuma mbele hela za vijana ambao bado wanapanda, na kwa kuwa kepu nayo inapanda karibu kila mwaka deni la jana linaonekana dogo kesho. Ukisukuma mbele hela za mzee wa miaka 33 unabaki unamlipia mtu aliyeko nyumbani anachoma nyama. Kwa maoni yangu Saints walikwama hapo, waling'ang'ania kikosi cha Brees wakati Brees mwenyewe kashaondoka.

Kaka naomba unieleweshe, ilikuwaje Broncos wakamlipa Russell Wilson aende kuchezea timu nyingine? Mimi ningemweka benchi tu nile nae sahani moja.
*Mdau wa Aurora, Colorado*

Kumweka benchi ndo kungewaumiza zaidi. Wilson ni kwotabeki, walimchukua kutoka Seattle Machi 2022 kwa machaguo matano ya drafti, mawili yakiwa ya raundi ya kwanza, pamoja na wachezaji watatu, halafu Septemba kabla hajawachezea mechi hata moja wakampa nyongeza ya miaka 5 kwa milioni 245. Haraka ya nini sijui. Mkataba ulikuwa na kipengele kwamba asipoachwa hadi siku chache baada ya mwaka wa ligi wa 2024 kuanza, milioni 37 za mwaka 2025 nazo zinakuwa za uhakika. Kwa hiyo kila siku waliyokaa nae ilikuwa inawasogeza kwenye shimo jingine.

Wakamtema. Mgao wote wa bonasi uliobaki na hela alizohakikishiwa ukawa pesa mfu, yaani inayohesabiwa kwenye kepu kwa mtu ambaye huna tena, milioni 85, rekodi kwa mchezaji mmoja wakati huo. Sheria inaruhusu, wakaiandika kama ameachwa baada ya Juni mosi ili igawanyike, 53 kwenye 2024 na 32 kwenye 2025. Ukimtema mtu kabla ya tarehe hiyo bila hiyo ruhusa, mabaki yote yanaangukia mwaka huo huo, na ruhusa yenyewe ni ya wachezaji wawili tu kwa mwaka kwa kila timu. Steelers wao wakamchukua kwa kima cha chini cha mkongwe, milioni 1.21, chenji yote ikalipwa na Denver.

Na bado mwaka ule ule Broncos wakashinda mechi 10 wakaingia mtoano, mara ya kwanza tangu wabebe Super Bowl 50. Kwotabeki wao Bo Nix alikuwa rukii, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, mkataba wa miaka 4 milioni 18 na ushee, wote kwa pamoja sio kwa mwaka! Hapo ndo penye siri. Zamani haikuwezekana, Sam Bradford akichaguliwa wa kwanza 2010 alipewa hadi milioni 78 na 50 zikiwa za uhakika, mwaka uliofuata sheria ikabadilika ikabana mishahara ya rukii na Cam Newton akiwa nae chaguo la kwanza akapata 22. Tangu hapo kwotabeki kijana anayejua ndo mali kubwa kuliko yote, una miaka minne ya kununua watu wa kumzunguka kabla hajaanza kudai milioni 50.

Mume wangu kila Agosti ananuna kama katemwa yeye. Hivi wale wachezaji 90 wote wanahesabiwa kwenye kepu?
*Mke wa shabiki wa Vikings, Minneapolis*

Hapana dada. Kipindi cha mapumziko wanahesabiwa 51 wenye hesabu kubwa zaidi, wa chini yao ni mgao wao wa bonasi tu kama upo. Ndo maana timu inaweza kusajili vijana kibao wa kima cha chini, ambacho kwa rukii wa 2025 kilikuwa dola 840,000, na kepu isitikisike. Mwisho wa Agosti wanabaki 53 na wengine 16 wanaitwa kikosi cha mazoezi, msimu ukianza wote wanahesabiwa. Mwambie shemeji wengi wanaotemwa siku ile wanarudishwa kesho yake mazoezini, asikose kula.

Giants walimwachiaje Saquon Barkley?
*Bila jina, New Jersey*

Kwa hofu ya umri na nafasi anayocheza, raningi beki, wale wanaokimbia na mpira, wanachakaa haraka. 2023 walimfunga na tagi, haki ya timu kumzuia mchezaji asiondoke kwa mkataba wa mwaka mmoja usiomhakikishia chochote baada ya hapo, milioni 10.1. 2024 wakamwacha, Eagles hao hao wakampa miaka 3 kwa milioni 37.75, akakimbia yadi 2,005 msimu wa kawaida na kubeba kombe. Kanuni ya kutowalipa wakimbiaji sio mbaya, ila kuifuata mpaka kwa mtu kama yule ni ukaidi.

Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Kijana wangu anacheza raga na ana mwili wa maana. Hizi hela za NFL zinaweza kumfikia ama ni ndoto?
*Mama wa mchezaji, Nakuru*

Mama shikamoo. Njia ipo, nyembamba. Daniel Adongo, Mkenya wa raga, alisajiliwa na Colts 2013 hajawahi kucheza mpira wa Kimarekani kabisa na akaingia uwanjani msimu ule ule. Siku hizi kuna mpango maalum wa wachezaji wa kimataifa ulioanza 2017, ndio uliompitisha Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga ya ligi, ambaye leo analinda upande wa kushoto wa Hurts kwa mkataba wa milioni 66 kwa miaka 3. Kila timu sasa ina nafasi ya 17 kwenye kikosi cha mazoezi kwa ajili ya vijana wa mpango huu, na kima cha chini cha kikosi hicho 2025 kilikuwa dola 13,000 kwa wiki. Umri, urefu na uzito wake hujaniandikia, nitumie pamoja na nafasi anayocheza.