Kwa unayeandika barua ya maombi ya kazi kwa mara ya kwanza

Nimechambua barua nyingi za maombi ya kazi, na nyingi huanza hivi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye afya njema, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Huenda yote ni kweli. Shida ni kwamba barua iliyotangulia imesema hayohayo, na inayofuata itayasema tena. Aya nzima inakwisha na bado sijui huyu ni nani.

Mwajiri hutangaza nafasi kwa sababu kuna kazi imemzidi: hesabu haziendi, wateja hawajibiwi, stoo haina mtu. Barua yako inamjibu kuhusu kazi hiyo. Basi kabla ya kuandika chochote, lisome tangazo ukiwa na kalamu mkononi. Pigia mstari majukumu yaliyotangulizwa na maneno yanayojirudia, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yanayombana zaidi. Chagua mawili au matatu unayoweza kuyatolea ushahidi. Mengine yatasemwa na wasifu wako (CV), barua isiyarudie.

Hapo kwenye ushahidi ndipo wengi hukwama, nami ningependa ukae hapo kuliko mahali pengine popote. Tuseme unaomba kazi ya kutunza stoo. Ukiandika "nina uwezo mkubwa wa kutunza kumbukumbu", umejisifu tu. Linganisha na hii: "Katika mafunzo kwa vitendo nilikabidhiwa stoo ya vipuri ambayo daftari lake halikulingana na vilivyokuwa rafuni. Nilihesabu upya rafu moja baada ya nyingine, nikafungua kadi kwa kila aina ya kipuri, na hesabu ya mwisho wa mwezi ikalingana." Hakuna sifa hata moja humo, lakini msomaji ameshakuona ukiwa kazini. Hali ilikuwaje, ulifanya nini, kikatokea nini: mtiririko huo unatosha kwa karibu kila mfano.

Utaniambia hujawahi kuajiriwa. Sawa, lakini umewahi kuwa mweka hazina wa kikundi, kuratibu mradi wa darasa, kujitolea mahali, au kusimamia biashara ya nyumbani. Hayo ni kazi, na yaandike kwa heshima ileile. Kuanza na "ingawa sina uzoefu" ni kumwonyesha msomaji upungufu wako kabla hajaona uwezo wako.

Kitu kingine kinachoniumiza ni barua za kuomba huruma. Mtu anaeleza jinsi hali ilivyo ngumu nyumbani na jinsi alivyohangaika tangu amalize masomo. Dhiki hiyo ni ya kweli, na anayesoma ana moyo kama wewe, ila hana namna ya kuigeuza kuwa sababu ya kukuchagua. Nafasi hiyo itumie kueleza kwa nini umeiomba taasisi hii na siyo nyingine. Sentensi moja au mbili zinatosha, mradi zitaje jambo mahususi kuhusu kazi yao. "Kampuni yenu maarufu" inaweza kuandikiwa yeyote.

Usitie chumvi. Kila ulichoandika ni swali linalokusubiri kwenye usaili; ukidai unaimudu programu fulani, jiandae kukalishwa mbele yake. Kwa sababu hiyohiyo, barua iliyonakiliwa kutoka kwa rafiki au kutungwa yote na akili bandia ni hatari kwako: utaulizwa mambo usiyoyakumbuka kwa kuwa hukuyasema wewe.

Urefu usizidi ukurasa mmoja. Aya tatu au nne, herufi za ukubwa wa 11 au 12. Dini, ndoa na mshahara unaotaka viache, isipokuwa tangazo limeuliza. Malizia kwa kusema uko tayari kwa usaili, shukuru, weka jina na simu.

Ukituma kwa barua pepe, hifadhi barua kama PDF na faili liitwe kwa jina lako na nafasi unayoomba. Usipige picha ya karatasi: waajiri wengine hutumia programu za kuchuja maombi kwa maneno, na picha inaweza isisomeke kabisa. Kisha isome barua kwa sauti. Ulimi ukikwama, sentensi hiyo ni ndefu mno. Mwisho kabisa, linganisha na tangazo jina la taasisi, cheo cha anayeandikiwa na kumbukumbu namba ya nafasi, hasa kama barua hii umeitengeneza juu ya ile uliyotuma kwingine wiki iliyopita.