Leseni Yangu ya Ohio Haikuvuka Mto Delaware

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Columbus, Ohio, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuendesha lori la masafa marefu, aliniandikia hivi: “Shikamoo kaka. Ni kweli kwamba ile sheria ya leseni za bastola imepita, na sasa ninaweza kufika New Jersey nikiwa na yangu?” Nilimjibu usiku uleule kwamba muswada huo, unaotaka kila jimbo lilazimike kutambua leseni ya kubeba bastola iliyotolewa na jimbo jingine, haujapita kuwa sheria. Kisha usingizi ukanipaa, kwa sababu swali hilo ndilo ambalo mimi sikumwuliza mtu yeyote mwaka 2018.

Nilizaliwa Mombasa, na kwetu Kenya leseni ya silaha hutolewa na bodi moja ya taifa, wala aliyeipata akiwa Mombasa hatakiwi kuomba nyingine akifika Kisumu. Kwa hiyo nilipomaliza mafunzo ya saa 8 yaliyodaiwa na Ohio, mbili kati yake zikiwa za kulenga shabaha, na sherifu wa kaunti akanipa kadi ya kubeba bastola kwa kificho, sikuona sababu ya kutilia shaka maneno ya mkufunzi aliyetuambia kwamba kadi ile ni kama leseni ya gari. Nilipiga shabaha vizuri kuliko wote darasani, na rekodi yangu ilikuwa safi tangu siku niliyoingia Marekani. Ninalitaja hili kwa sababu hadi leo wapo wenzetu wanaonitazama kana kwamba nilikamatwa kwa ujambazi.

Mwezi Novemba mwaka huo nilipakia matairi, nikashika barabara kuu ya I-80, nikaivuka Pennsylvania yote na kuingia New Jersey pale barabara inapovuka mto Delaware. Asubuhi nilisimamishwa kwa ukaguzi wa kawaida wa lori. Askari alipouliza kama nina silaha, nilijibu kwamba ninayo, nikamwonyesha kadi yangu kwa kujiamini, nikamwelekeza kwenye droo iliyo kando ya kitanda cha ndani ya lori, ambamo bastola ilikuwa imelala ikiwa na risasi. Aliisoma kadi, akaigeuza, akanirudishia, kisha akaniambia nishuke. Nililala mahabusu usiku ule, na siku ya pili nikaachiliwa kwa masharti.

Wakili ndiye aliyenifumbua macho. New Jersey haitambui leseni ya jimbo jingine lolote, na kukutwa na bastola bila kibali chake ni kosa la kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 10. Kwangu mimi, niliyekuwa mkaazi wa kudumu na si raia, lilikuwapo jambo zito zaidi, kwamba hukumu ya kosa la silaha chini ya sheria za uhamiaji humfanya mgeni aweze kufukuzwa nchini. Mke wangu aliuza gari lake ili tumlipe wakili huyo. Miezi ya kwenda na kurudi mahakamani sitaisimulia. Shauri liliisha bila mimi kutiwa hatiani, bastola haikurudi, na kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa imekwisha kunifukuza, kwa kuwa mkataba wake ulikataza silaha ndani ya lori na mimi nilikuwa nimeutia saini pasipo kuusoma hadi mwisho.

Sikuwa wa kwanza. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye leseni halali ya Pennsylvania, alisimamishwa New Jersey, akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola, na akakabiliwa na kifungo cha miaka kadhaa hadi Gavana wa New Jersey, Chris Christie, alipomsamehe mwaka 2015. Mimi niliisoma habari yake baada ya kukamatwa, na bado inaniuma kwamba sikuisoma kabla.

Madereva wengi huniambia kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda msafiri. Inamlinda, lakini kwa masharti: silaha iwe halali kule utokako na kule uendako, isiwe na risasi, na yenyewe pamoja na risasi zake visiwe mahali unapoweza kuvifikia kutoka ulipokaa. Gari lisilo na buti linahitaji sanduku lenye kufuli, na kisanduku cha dashibodi hakihesabiki hata kikifungwa. Lori letu halina buti. Lile sanduku la pembeni, ambalo wengi hulidhani kuwa la nje, katika malori mengi hufikiwa kutoka ndani kwa kuinua kitanda tu. Na mimi nilikuwa ninapeleka mzigo New Jersey kwenyewe, si kupita kuelekea kwingine, kwa hiyo ulinzi ule haukunihusu hata kidogo.

Kuhusu muswada alioniuliza kijana, historia yake ni ndefu. Mwaka 2013 pendekezo la namna hiyo lilipata kura 57 katika Seneti, likakosa zile 60 zilizohitajika. Tarehe 6 Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada kama huo kwa kura 231 dhidi ya 198, lakini Seneti haikuupigia kura. Mwaka 2025 Richard Hudson wa North Carolina aliurudisha, ukapita katika kamati. Hiyo si sheria. Wala hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2022 dhidi ya New York haikulimaliza jambo hili. Ilikataza jimbo kumdai mwombaji athibitishe haja ya pekee ya kujilinda, lakini haikuliamuru jimbo lolote kutambua kadi ya jimbo jingine.

Watu hudhani kwamba kwa yaliyonipata lazima niunge mkono muswada huo kama ulivyo. Ninataka msafiri mwaminifu asifungwe, na nitalisema hilo popote. Lakini wanaosema kwamba leseni ya bastola iwe kama leseni ya gari waitazame leseni yangu ya malori. Inakubalika katika majimbo yote kwa sababu mwaka huohuo wa 1986 Bunge la Marekani liliweka viwango vya chini ambavyo kila jimbo ni lazima livifuate katika kumtahini dereva. Muswada wa bastola unataka kukubalika pasipo kiwango chochote cha pamoja cha mafunzo. Majimbo 29 sasa yanaruhusu kubeba bila leseni, na Vermont haijawahi kutoa leseni yoyote ya kubeba. Mkaazi wake angeingia New York akiwa na kitambulisho tu. Mimi niliyekaa darasani saa 8 siwezi kuliona hilo kuwa haki, na ninaelewa kwa nini askari wa mji mkubwa analiogopa. Kiwekwe kiwango kwanza, kama tulivyowekewa sisi madereva, ndipo kadi zivuke mipaka.

Kwa sasa, ndugu zangu mnaoendesha malori, someni sheria ya kila jimbo lililo kwenye njia yenu kabla ya kuwasha injini, na isomeni katika tovuti ya jimbo lenyewe, si katika maneno ya kijiweni. Someni mkataba wa kampuni hadi ukurasa wa mwisho. Asiye raia amwone wakili wa uhamiaji kabla hata ya kununua bastola. Na safari ikiwa na jimbo lisilotambua kadi yako, hata kama ni jimbo moja tu, bastola iache nyumbani. Ninarudia: iache nyumbani. Mwenye familia hana ruhusa ya kubahatisha jambo hili.

Kijana aliniandikia tena juzi akiwa Carlisle, Pennsylvania, akisubiri saa zake za mapumziko ziishe. Bastola ameifungia nyumbani, na ufunguo amemwachia mkewe.