Maswali Yenu: Kiziwi akiagiza chakula mgahawani

Swali: Mimi ni kiziwi. Naandika oda kwenye simu, mhudumu anasoma, anaenda zake, halafu kinakuja kitu kingine. Nakosea wapi?

Jibu: Kuandika hukukosea. Oda ya kwanza kwa kawaida hufika salama, kinachoiharibu ni maswali yanayofuata. Mhudumu akishasoma neno "kuku" bado ana ya kuuliza: wa kukaanga au wa kuchoma? Robo au nusu? Unakula hapa au unabeba? Anayauliza huku ameinamia kijitabu chake, au ameshageuka. Wewe unaona midomo inacheza, unaitikia kwa kichwa kwa adabu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwa viziwi wengi kuitikia kwa kichwa ni kusema "nakufuatilia, endelea". Kwa anayesikia ni "nimekubali". Kumbe swali lilikuwa: "Kuku ameisha, nikuletee samaki?"

Basi yajibu maswali kabla hayajaulizwa. Juu kabisa andika: "Mimi ni kiziwi. Ukiwa na swali, niandikie." Chini yake weka mistari, kila mstari jambo moja: idadi kwa tarakimu, jina la chakula kama lilivyo kwenye menyu pamoja na namba yake kama ipo, namna ya kupikwa, cha kuambatana nacho, usichotaka, kinywaji, kisha "nakula hapa" au "nabeba". Mstari wa mwisho uwe wa mbadala, kwa mfano: "Kikikosekana, niletee namba 14." Watu huusahau mstari huo, na ndio unaozuia samaki asiyeitwa.

Kuza maandishi, ongeza mwanga wa skrini, na urefushe muda wa skrini kujizima. Simu ikijifunga mikononi mwa mhudumu kabla hajamaliza kusoma, ataona haya kuirudisha na atakisia yaliyobaki.

Kabla hajaondoka, mwombe akuonyeshe alichoandika. Usisome chote, tazama idadi na neno "bila". Mwenye haraka akisoma "bila kitunguu, bila pilipili" anaondoka na kitunguu na pilipili kichwani, "bila" imebaki mezani. Iandike kwa herufi kubwa kwenye mstari wake, au chora kitunguu ukikate kwa msalaba. Usijali uchoraji wako.

Namba nazo usizionyeshe kwa lugha ya alama kwa asiyeijua. Ziko lugha za alama ambazo sita huonyeshwa kwa mkono mmoja: kidole gumba kinagusa kile kidogo cha mwisho, vitatu vya katikati vinasimama. Mhudumu ataona tatu, na hutamlaumu. Tumia mikono miwili, au andika 6.

Swali: Nina mzio wa karanga na siwezi kuzungumza na mpishi. Je, "bila karanga" inatosha?

Jibu: Haitoshi hata kidogo. "Bila" ni neno la anayechagua ladha, na jikoni hulichukulia hivyo: wataacha kunyunyizia karanga juu, lakini kijiko kitakuwa kile kile. Neno la kutanguliza ni "mzio", kisha kitakachokupata: "Nina mzio mkali wa karanga. Hata kidogo tu, koo huvimba nikashindwa kupumua. Tafadhali mpe mpishi kadi hii aisome."

Iwe kadi ya karatasi. Simu hutaiachia iende jikoni, kadi itaenda. Upande wa pili weka maswali ya kutiwa alama: mafuta ya kukaangia yametumika kwa kitu chenye karanga? Mchuzi umetiwa karanga ili uwe mzito? Kisu na ubao vimeoshwa kwanza? Kila swali liwe na visanduku vitatu: NDIYO, HAPANA, SIJUI. Hicho cha tatu usikiache. Mtu asiyekuwa na mahali pa kusema "sijui" atatia alama kwenye jibu litakalokufurahisha. Ikirudi na "sijui", chagua chakula kingine.

Kama daktari amekupa sindano ya adrenalini, ile ya dharura kwa mzio mkali, anayekaa nawe mezani ajue iko mfuko gani. Ukila peke yako, mwonyeshe mhudumu mapema. Tena weka tayari kwenye simu maandishi ya kumwonyesha mtu yeyote aliye karibu: "Nina mzio, siwezi kupumua, mimi ni kiziwi, piga simu ya dharura sasa." Dakika hiyo si ya kuanza kuandika.

Swali: Nasoma midomo vizuri nyumbani, na ninavaa shimesikio (chombo cha kusaidia kusikia). Mgahawani napotea kabisa. Kwa nini?

Jibu: Nyumbani unawajua watu na unajua wanachoelekea kusema, midomo inakukumbusha tu. Kwa mgeni, midomo peke yake haitoshi. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kile kile mara tatu, kwa kuwa p, b na m zote hufungwa kwa midomo. K na g hutengenezwa nyuma ya kinywa, hazionekani. Mhudumu akipaza sauti ndiyo anaharibu zaidi, kwa kuwa mdomo unapanuka kupita kawaida yake. Badala ya "sema tena", mwombe aseme kwa maneno mengine, au mpe menyu aoneshe kwa kidole.

Halafu kuna kiti, ambacho kina mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Dirisha lisiwe nyuma ya anayezungumza, maana uso wake utakuwa kivuli kitupu. Liwe nyuma yako, mwanga umwangukie yeye. Epuka meza zilizo karibu na mlango wa jikoni, spika au mashine ya kahawa. Asiyevaa shimesikio akae mgongo ukutani, aone ukumbi wote na kila anayemjia. Lakini wewe unayevaa, uliza kama chombo chako kina maikrofoni za kuelekeza mbele. Kama kinazo, kelele ziwe nyuma yako na mzungumzaji mbele, kwa sababu chombo hupunguza yanayotoka nyuma. Ukikaa mgongo ukutani ukautazama umati, unakielekeza kwenye kelele.

Umbali nao una hesabu yake: mahali pa wazi, sauti hushuka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu. Mhudumu akisogea kutoka mita 2 hadi mita 1, umepata zaidi ya unachopata kwa kugeuza kitufe cha sauti, kwa kuwa kitufe hupandisha kelele pia.

Programu za simu zinazogeuza usemi kuwa maandishi husaidia, kwa masharti. Chagua lugha sahihi kabla ya kuanza, na elekeza sehemu ya chini ya simu kwa mzungumzaji, maana kwenye simu nyingi maikrofoni iko huko. Zinakosea zaidi kwenye majina ya vyakula na namba, yaani pale pale unapozihitaji. Zitumie kwa mazungumzo. Bei na idadi viandikwe.

Swali: Nikiagiza kwa mtandao, mleta chakula anapiga simu, sipokei, anaondoka nacho.

Jibu: Hata ukiandika kwenye oda kwamba wewe ni kiziwi, huenda hayasomwi, kwa sababu yamekaa kwenye sehemu ya maelezo, ambayo anayeendesha mara nyingi haifungui. Anachoona kwanza ni jina na anwani. Baada ya jina lako ongeza "KIZIWI, TUMA UJUMBE TU", na urudie hivyo kwenye anwani pamoja na alama ya nyumba inayoonekana toka barabarani. Oda ikishachukuliwa, mtumie ujumbe wa kwanza wewe: "Mimi ni kiziwi. Ukifika niandikie, natoka." Simu iwe kwenye mtetemo, mfukoni si mezani.

Swali: Mume wangu ni kiziwi, mimi nasikia. Wahudumu huniuliza mimi: "Yeye atakula nini?"

Jibu: Usijibu, dada. Mgeukie mumeo na umtazame, kimya. Macho ya mhudumu yatafuata yako, naye mumeo ataonesha kwenye menyu. Ukijibu mara ya kwanza, utakuwa mkalimani hadi bili. Kazi yako iwe kumfikishia yale yanayotajwa kwa mdomo tu, kama chakula cha siku kisichoandikwa popote.

Swali: Kwenye kaunta wanaita namba, na penye dirisha la magari, unapoagiza bila kushuka garini, kuna spika. Nifanyeje?

Jibu: Kaunta: unapolipa, zungushia duara namba kwenye risiti, andika chini "kiziwi, nipungie mkono", umwonyeshe yule anayekabidhi chakula, ambaye mara nyingi siye aliyepokea pesa. Simama anapokuona. Kama hawaiti kwa mfuatano, usihesabu namba za wengine.

Dirishani: usisimame kwenye spika, watakuwa wanakusemesha na foleni inakua. Pita moja kwa moja hadi dirisha la kwanza lenye mtu, ukiwa na oda iliyokwisha andikwa, na maneno ya kwanza yawe "Mimi ni kiziwi, sikuweza kutumia spika." Wakikuashiria usogee pembeni kusubiri, waoneshe kwa kidole utakapoegesha, ili atakayeleta ajue ni gari gani na agonge kioo cha upande wako.