Mtoto wa Paka Aliyefiwa na Mama: Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, muda mfupi baada ya alfajiri, amelala juu ya sementi. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana, kipupwe kimeshika hapa Tanga. Kitovu kilikuwa bado kinaning'inia, macho yamefumba, masikio yamelala kichwani, kwa hiyo hakuwa na zaidi ya siku mbili tatu duniani. Mama yake nilikuwa namjua. Usiku ule aligongwa na pikipiki, vijana wa mtaani wakamzika. Ndugu zake wawili walikuwa pembeni yake, wameshakufa. Huyu naye nilidhani kafa, mpaka nilipomnyanyua akafungua kinywa bila kutoa sauti.

Kabla sijaeleza nilivyomlea, lazima nieleze nilivyomuua mwingine.

Miaka minne nyuma niliokota mtoto wa paka wa umri huohuo, wa baridi vilevile. Nikafanya kile ambacho moyo wa mtu yeyote ungemtuma afanye: nikakimbilia maziwa. Nikayapasha, nikamnywesha kwa kijiko, nikamfunika kanga. Alikufa kabla ya adhuhuri. Nilifikiri nimechelewa kumlisha. Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba maziwa yenyewe ndiyo yaliyommaliza. Mtoto wa paka katika wiki ya kwanza hana uwezo wa kutetemeka ili kujipasha joto. Joto lake lote hutoka kwa mama na kwa ndugu zake. Akipoa, tumbo na matumbo yake huacha kusaga. Maziwa hubaki humo yakichacha, au hupita njia ya hewa kwa sababu hata kumeza hawezi sawasawa. Huonekana ana njaa, na kweli ana njaa, lakini kinachomuua kwanza ni baridi.

Na msiseme pwani hakuna baridi. Mtoto wa siku chache anahitaji kulala mahali penye nyuzi 30 hivi, na zaidi kidogo kama ni mgonjwa. Usiku wa kipupwe, ambao sisi tunauona mtamu wa kulala, kwake ni hatari.

Basi safari hii maziwa sikuyagusa. Nilimfuta haraka, nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nikajifunga kanga juu yake. Huku nimembeba nikachemsha maji, nikayapunguza moto kwa maji ya baridi, nikayatia katika chupa mbili za plastiki za nusu lita na kuzivisha soksi. Mimi ni fundi cherehani, vitambaa havinipigi chenga. Boksi la viatu nikalitandika flana na kuweka chupa upande mmoja tu. Upande wa pili uachwe wazi, ili mtoto akizidiwa na joto ajiburute kulikimbia. Kumzungushia chupa pande zote ni kumpika.

Nilipompima kwa kipimajoto cha duka la dawa, ncha nimeipaka mafuta ya mgando na kuiingiza kidogo sana nyuma, hakikutoa namba. Vipimajoto vingi vya kawaida havisomi chini ya nyuzi 32. Wiki ya kwanza mtoto wa paka anatakiwa awe kati ya 35 na 37. Ilichukua karibu saa mbili kufika 35, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, usimwanike juani, usimpulizie kikausha nywele kwa karibu. Mwili uliopoa sana ukipashwa ghafla huzimika. Katika saa zile mbili kitu pekee nilichompa ni tone la maji ya glukosi, nikilipaka kwa kidole kwenye fizi, kwa kuwa sukari ya mwili nayo huwa imeshuka. Nasema kupaka, si kumnywesha.

Alipopata joto alilia. Sijawahi kufurahia kelele kama zile.

Nikampeleka kwa jirani yangu sonara akampime kwenye mizani ya dhahabu: gramu 94. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, kwa hiyo hakuwa na akiba. Baadaye nilinunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua mizani. Macho hudanganya. Mtoto anaweza kulia kwa nguvu na kunyonya vizuri huku anapungua. Mpime kila siku saa ileile kabla ya kula, uandike. Mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Huyu siku ya pili alishuka hadi 91, siku ya tatu 93, ya tano 108. Asiyeongezeka kwa siku nzima ana tatizo hata kama hujaliona. Anayepungua siku mbili mfululizo ni wa kukimbizwa kwa daktari.

Sasa maziwa. Tanga tuna bahati ya maziwa ya ng'ombe, kila kona unayapata, na ndiyo hayo hayamfai. Yana protini na mafuta kidogo kuliko ya paka, na sukari yake humharisha. Kinachofaa kuliko vyote ni paka mwingine anayenyonyesha. Ulizia kwanza mtaani, maana wengi hupokea mtoto wa mwenzao bila taabu. Asipopatikana, kuna maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Yangu niliagiza Dar yakaja na basi siku iliyofuata. Kwa siku ile moja ya kungoja, daktari aliniruhusu maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja na kiini cha yai kimoja, yachujwe vizuri. Hiyo ni ya kuvukia tu, usimlelee hiyo. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari usimpe kabisa.

Kiasi kilinishangaza kwa udogo wake. Tumbo la mtoto wa gramu 100 halichukui zaidi ya mililita 4 kwa mlo mmoja, na kwa siku nzima anahitaji kama mililita 20. Mimi nilianza na mililita 2 na nusu kila baada ya saa 3, usiku na mchana, kwa bomba la sindano la mililita 1 lililoondolewa sindano. Maziwa yawe vuguvugu. Dondoshea kwenye mkono wako ndani ya kiwiko, usisikie moto wala baridi.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Mtoto wa paka halishwi chali kama mtoto wa binadamu. Najua mikono inataka kumpakata. Mlaze kifudifudi juu ya taulo, miguu ikanyage, kichwa kiinuke kidogo, kama ambavyo angelala kwenye tumbo la mama yake. Bana tone, ngoja ameze, bana jingine. Maziwa yakitokea puani, simama papo hapo, mwinamishe kichwa, mfute, na siku hiyo na inayofuata sikiliza pumzi yake. Yakiingia mapafuni huleta nimonia, na mtoto wa hivyo akianza kupumua kwa kinywa wazi au kifua kikikoroma hakuna dawa ya nyumbani.

Jambo ambalo wengi hawalijui: hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba sehemu za nyuma ndipo mkojo na kinyesi vitoke, na bila hilo kibofu hujaa mpaka kikamdhuru. Kila baada ya mlo, loweka pamba kwenye maji vuguvugu, ikamue, umguseguse taratibu mpaka atoe. Endelea hivyo hadi wiki ya tatu au zaidi kidogo. Mkojo hutoka karibu kila mara, kinyesi kinaweza kuwa mara moja kwa siku. Mimi hutumia pamba nyeupe kwa makusudi, kwa sababu rangi ya mkojo ni barua: ukiwa mweupe au manjano hafifu, maji mwilini yapo, ukikoza manjano, hayatoshi. Pitisha pia kidole kwenye fizi. Zikinata badala ya kuteleza, ana upungufu.

Siku ya sita niliona jicho la kushoto limevimba, kope bado hazijafunguka. Macho yao hufunguka kati ya siku ya 7 na 14, lakini usaha unaweza kujikusanya nyuma ya kope kabla ya hapo, na ukiachwa hula jicho lenyewe. Nilimfunga boksini na chupa zake nikaenda kwa daktari. Alilainisha kope kwa pamba ya maji ya chumvi vuguvugu, zikaachana zenyewe, usaha ukatoka kama maziwa ya mgando. Akanipa marhamu ya antibiotiki ya kupaka mara tatu kwa siku. Usichukue marhamu ya macho iliyobaki kabatini: nyingine zina steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, ambazo jicho lenye kidonda hazilifai. Kwa nini hasa jicho lilipata maambukizi sijui, lakini mafua ya paka ni kisababishi cha kawaida, na mitaani kwetu paka wengi wanapiga chafya.

Kisha nikafanya kosa langu la pili maishani mwangu kwa paka. Siku ya nane alikuwa na gramu 131, nikaona raha, nikampandishia mlo hadi mililita 6. Usiku akaharisha kinyesi cha kijani kibichi, asubuhi mizani ikasoma 127. Daktari aliangalia kinyesi kwa darubini, hakuona minyoo, akaniuliza tu namlisha kiasi gani. Nikaona aibu. Aliniagiza nirudi kwenye kipimo kinacholingana na uzito, na milo miwili nimpe maji ya ORS vuguvugu badala ya maziwa. Siku mbili zikatosha. Mtoto akiharisha sana, au kukiwa na damu, usingoje siku mbili. Mwili wa gramu 130 huisha maji kwa saa chache.

Viroboto navyo ni ugonjwa, si kero tu. Wakiwa wengi humnyonya damu mpaka fizi zikawa nyeupe. Dawa nyingi za viroboto haziruhusiwi kwa umri huu, na za mbwa zenye permethrin huua paka wa umri wowote. Mafuta ya taa, ambayo wazee wetu waliyapaka kuku, yaacheni kabisa. Mimi nilimwosha kuanzia shingoni kwenda chini kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, haraka, nikamkausha hadi manyoya yakawa makavu kabisa, nikachana waliobaki kwa kitana cha chawa. Na kwa jina la Mungu, panadol usimpe paka, hata punje. Ini lake halina uwezo wa kuiondoa mwilini.

Umeme ulikatika mara mbili wiki ile. Nawashukuru wote walioninasihi niweke jiko la mkaa chumbani, lakini jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu, sembuse paka. Chupa za maji ya moto kutoka kwenye termosi zilitosha, nikizibadilisha kila ninapoamka kumlisha. Zamu ya saa nane usiku aliichukua binti yangu. Peke yangu nisingeweza, na mwenye kazi ya kutoka asubuhi apange mtu kabla hajamchukua mtoto, maana milo haisubiri.

Tulimwita Dafu, kwa weupe wake. Wiki mbili alikuwa gramu 190, macho yote mawili wazi, la kushoto na kovu dogo, na daktari akampa dawa ya minyoo ya kwanza. Wiki ya nne nikaanza kumchanganyia maziwa yake na samaki wa kuchemsha aliyepondwa, miiba yote imetolewa. Chanjo ya kwanza alichomwa wiki ya nane, ya kichaa cha mbwa miezi mitatu.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani alikuja mbio na ndoo.
"Shikamoo mama. Nimeokota paka wawili nyuma ya msikiti, hawana mama."
"Marahaba mwanangu. Hebu nione."

Nilitia mkono ndani ya ndoo. Walikuwa wa moto, matumbo yamejaa kama vibofu, manyoya safi yaliyolambwa, wamelala fofofo bila kulia. Watoto waliotelekezwa hawako hivyo; huwa wachafu, matumbo yamebonyea, na hulia mpaka sauti ikauke. Nikamwambia wana mama, kaenda kutafuta riziki, na hakuna maziwa ya dukani yanayofikia ya kwake. Tukawarudisha palepale, tukanyunyiza unga wa sembe kidogo kuwazunguka, tukaondoka mbali kabisa, kwa sababu paka akiona watu harudi.

Asubuhi yule mtoto wa jirani alinigongea dirisha kabla sijafungua duka. Kwenye unga kulikuwa na nyayo, zinaingia na kutoka, na watoto wote wawili walikuwa wamehamishwa.