Re: Kuondoa kodi ya paneli kunatosha?
Ndugu, umeuliza kama serikali ikiondoa kodi kwenye paneli za sola, kawi safi itaongezeka yenyewe. Inamsaidia mwenye nyumba, naam. Lakini kwenye gridi ya taifa, shida kubwa ni nyaya. Tazama Loiyangalani, kule Marsabit, Kenya: mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Ikakaa bure, maana laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa haikuwa imekamilika mpaka 2018. Na fidia ya kampuni ya upepo kwa kuchelewa huko ikaja kubebeshwa wateja wa stima! Inaniuma mpaka leo. Sera ningeanzia hapo: mkataba wa kununua umeme usianze kuhesabu malipo kabla nguzo za laini hazijasimama.