Unaanza kuendesha gari la wazi porini? Soma hii kwanza

Madogo mnaotoka chuo na kuingia kambi za watalii kwenye hifadhi za kusini na magharibi mwa Tanzania, Ruaha, Nyerere, Katavi huko, naongea na nyie. Wengi mmejifunzia gari la kaskazini, lile lenye vioo na paa la kunyanyua, ukija huku unakabidhiwa Land Cruiser iliyokatwa, haina milango nyuma, haina dirisha, siti zimepandishwa ngazi ngazi ili kila mgeni aone juu ya kichwa cha mwenzie, af unaambiwa kesho saa kumi na mbili asubuhi una wageni. Injini ni ileile, chesesi ileile, ila uendeshaji jamani sio uleule kabisa.

Kabla hujashika usukani mwombe dereva mwenzako akuzungushe nusu saa wewe ukiwa umekaa siti ya nyuma kabisa. Sio pale mbele pembeni yake, nyuma kabisa. Siti ya dereva iko katikati ya ekseli mbili, ya tairi za mbele na ya tairi za nyuma, ndo mana we kila siku unaona njia nzuri tu, ile ya nyuma iko juu ya ekseli au imeipita kabisa, na kwa vile imenyanyuliwa kila shimo linarudi mara mbili, linakurusha juu kisha linakuyumbisha pembeni na huna mlango wa kuegemea. Ukishakaa pale hutahitaji kukumbushwa na mtu kupunguza mwendo kabla ya korongo. Hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, ila kwa gari la wazi mi naona hata hiyo ni nyingi, njia ya kawaida 25 mpaka 30 inatosha sana. Na kona usiichukue kwa kasi, uzito wa watu uko juu.

Vumbi nalo wengi hawalielewi. Ukifunga breki ghafla upepo ukiwa unatoka nyuma, vumbi lako mwenyewe linakufuata na kuwamwagikia wageni na kamera zao. Punguza taratibu kuanzia mbali, na kama kuna gari mbele yako acha nafasi mpaka uone njia, kwani unakimbilia wapi? Kanga mbili tatu kwenye gari ni vifaa kabisa, mgeni anafunikia kamera, anajifunga mdomoni, jua likichoma anajitupia begani. Hizi nimeziona zinafanya kazi kuliko mabegi ya bei mbaya waliyokuja nayo.

Sasa matawi, hapa sikilizeni vizuri. Wewe una kioo cha mbele kwa hiyo tawi la mgunga halikugusi. Linagonga fremu ya kioo, linapinda, linajivuta pale, ukisogea tu linaachia na kurudi kwa nguvu zote, na anayelipokea ni mgeni wa siti ya kwanza nyuma yako, usoni. We hata hujui, unasikia tu mtu amepiga kelele. Kwa hiyo ukiona tawi limeingia njiani sema mapema "tawi kulia!", simama, hakikisha wote wamevuta viwiko na vichwa ndani, ndo upite pole pole. Ukiona ni baya rudi rivasi utafute njia nyingine, kukata miti hifadhini hairuhusiwi hata kama panga unalo.

Mbung'o. Kwenye miombo, yaani misitu ya miti iliyoachana achana, wanakuja mchana kweupe, wanafuata kitu kikubwa kinachotembea, yaani gari lako, na hawana shida na nguo nyepesi, wanachoma juu yake. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndo mana hata vile vitambaa vya mitego unavyoviona vimetundikwa njiani ni vya rangi hizo. Basi waambie wageni jioni ya siku moja kabla, sio asubuhi wakiwa wameshapanda na jinzi zao za bluu. Dawa za kupaka za mbu kwa mbung'o hazisaidii sana. Madereva wa zamani wanaweka kinyesi kikavu cha tembo kwenye kopo, wanakiwasha kitoe moshi bila moto, wanalitundika nyuma ya gari. Inasaidia kweli, na wageni wanapenda hadithi yake, ila usitundike karibu na tenki la mafuta, na nyasi zikiwa kavu we achana nayo kabisa.

Kwa wanyama sheria ni moja, makalio yabaki kwenye siti. Simba akiliangalia gari anaona kitu kimoja kikubwa, mtu akisimama au akitoa mguu nje hicho kitu kimebadilika na sasa anaangalia mtu. Waambie kabla hamjatoka kambini, na kwa utani kidogo wasiogope mpaka washindwe kufurahi. Kwa simba zima injini, dizeli inatikisa picha. Kwa tembo mi siharakishi kuzima, na huwa nasimama pua ya gari ikiwa upande wa kutokea. Usiingie kati ya mama na mtoto. Dume ukiona majimaji yanachuruzika kati ya jicho na sikio na miguu ya nyuma imelowa mkojo, huyo yuko kwenye kutafuta majike na hana utani, ondoka mapema usisubiri atanue masikio. Betri ikiwa mbovu usilitoe gari kambini, mambo ya kusukuma gari mbele ya tembo hayana mjadala.

Vifaa sasa. Spea mbili sio moja, jeki refu la hai-lifti pamoja na ubao mpana wa kuweka chini yake maana bila ubao linazama lenyewe, koleo, kamba ya kuvutia na shakoo zake (vyuma vya kuifungia kwenye gari), kompresa ndogo ya kujazia upepo ya kuunga kwenye betri, kipima upepo wa tairi, maji ya kunywa zaidi ya mnayohitaji, boksi la huduma ya kwanza, redio kolu ya kuongea na kambi iliyochajiwa. Hilo jeki liheshimu, mpini wake ukiteleza unarudi na kuvunja taya, kwa hiyo uso usiuweke juu yake. Asubuhi za Juni na Julai weka shuka za kutosha, watu wanadhani Afrika hakuna baridi mpaka gari likianza kutembea. Masika weka makoti ya mvua na mfuko mmoja mkubwa usiopitisha maji.

Kwenye mchanga wa mito mikavu shusha upepo wa tairi mpaka kama psi 18 hivi kwenye kipimo, ukitoka ujaze tena, usiende nazo kwenye mawe zikiwa laini. Na angalia habu, vile vitovu vya katikati ya tairi za mbele. Cruiser nyingi za kazi zina habu za kuzungusha kwa mkono, kama ziko FREE hata uvute gia ya fowili (ya kuvuta tairi zote nne) namna gani mbele hapavuti kitu, unabaki unachimba kaburi. Zifunge LOCK ukiwa bado kambini, sio ukiwa umeshazama karibu na matete usiyojua ndani yake kuna nini. Tairi zikianza kuchimba toa mguu kwenye mafuta hapohapo, chimbua mchanga mbele ya tairi zote nne, toka kwa gia nzito pole pole. Kabla ya kushuka zungusha macho kwanza pande zote, na maji ya mto usiyapime kwa miguu, mamba wapo.

Jioni fungua filta ya hewa uipige vumbi litoke, pitisha mkono kwenye kuta za tairi utafute miiba na michubuko ya visiki, kisha funika siti na turubai. Na usiache ganda la ndizi hata moja ndani, gari halina milango, nyani akishajua kuna chakula atarudi kila siku na siti atazichana mpaka sponji zitoke.