Baba anaganda mlangoni usiku

Pole sana dada, umesema mzee ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, na akienda choo usiku anaganda mlangoni. Mama yangu hukuhuku Mbagala alikua hivyohivyo, mguu unagoma kabisa kama umegundishwa. Usimvute mkono, mtaanguka wote! Sisi tulibandika tepu nyekundu sakafuni, mistarimistari, tunamwambia vuka huo mstari na kweli anavuka, mwenyewe alikua anacheka. Vizulia vya mlangoni toa vyote, na weka taa ya kuchaji maana umeme wetu unaujua. Kama anatumia levodopa, dawa ya huo ugonjwa, mara nyingi inapewa nusu saa kabla ya kula coz nyama na maharage vinaizuia kuingia vizuri, ila muulize daktari wake kwanza msijipangie. Na chai mimina nusu kikombe tu, mkono ukitetemeka isimmwagikie.